Zebaki, Usingizi na Mapigo ya Moyo

Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Mtu akiwa ametulia na mapigo yake ni 60 kwa dakika, nafasi kati ya pigo na pigo huweza kuwa milisekunde 950, kisha 1,040, kisha 980. Akivuta pumzi moyo huenda mbio kidogo, akiitoa hupunguza mwendo. Anayesimamia hayo kwa sehemu kubwa ni neva ya vagasi, itokayo chini ya ubongo na kuuzuia moyo usikimbie ovyo. Neva hiyo ikizidiwa, nafasi zile hufanana mno. Mwaka 1987 Robert Kleiger na wenzake walieleza habari za wagonjwa 808 walionusurika shambulio la moyo: ambao mapigo yao hayakutofautiana sana walikufa kwa wingi zaidi. Baadaye tofauti ndogo kama hiyo ikaonekana pia kwa wenye sonona na wasiwasi, hata wasiougua moyo. Kutoka hapo ikawa rahisi kuuza saa za mkononi zinazodai kumsomea mtu hali ya nafsi yake kila asubuhi. Hapo ndipo ninapogoma.

Chukua kijana anayetoka Samuye, Shinyanga, pamba ikishauzwa, kwenda kuchimba dhahabu Geita. Usiku yuko ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji, mchana analala turubaini huku karasha likisaga mawe pembeni. Dhahabu iliyonaswa kwa zebaki inawekwa juu ya jiko la mkaa, zebaki inapaa, na mchomaji anaivuta. Mwaka 2003 watafiti waliwapima watu wa Rwamagasa, Geita, wakakuta mikono inayotetemeka na mwendo usio thabiti, hasa kwa wachomaji. Mvuke huo unajulikana siku nyingi kwa kuleta pia hasira za ghafla, woga na kukosa usingizi. Huko visiwa vya Faroe, watoto ambao mama zao walikula nyama ya nyangumi yenye zebaki walipimwa wakiwa na miaka 7, na tena wakiwa na 14, na mapigo yao yakaonekana kutofautiana kidogo kuliko ya wenzao. Ile ni zebaki ya chakula, si ya mvuke, kwa hiyo nisivute ulinganisho kupita kiasi. Ila inaonyesha sumu inaweza kufika kwenye neva hizi bila kupitia huzuni. Kijana wetu akipimwa na namba ya utofauti wa mapigo yake ikawa ndogo, nani atasema ni msongo wa mawazo?

Itajibiwa kwamba wanamaji wa Marekani wenye namba ndogo kabla ya kwenda vitani ndio walioelekea zaidi kupata maradhi ya kiwewe waliporudi, kwa hiyo namba hutangulia ugonjwa. Ni kweli, lakini kutangulia si kusababisha. Namba hiyo hiyo hubeba umri, mazoezi, pombe, homa na usingizi. Inafaa zaidi kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, wiki hii na ile. Kupumua taratibu, pumzi kama sita kwa dakika, huipandisha, tena bure, na sioni sababu ya kumnyima mchimbaji zoezi hilo. Zebaki haiondolewi na zoezi hilo, hata hivyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na chombo cha kufunika kinachonasa mvuke wakati wa kuchoma kinajulikana. Tabibu wa zahanati anayempokea kijana mwenye hasira asiyelala aanze kwa kumuuliza analala saa ngapi, na nani anachoma dhahabu karibu naye.