Choo Kikifurika, Uanze na Nini?



Hapa Kigoma mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi kama Mei. Ni majira ambayo mashimo ya vyoo hujaa maji na kufurika. Asubuhi unafungua mlango, unakuta maji meusi yameingia jikoni, watoto wamekwisha kuyakanyaga, na ndoo ya maji ya kunywa iko hapo hapo chini. Utafanya nini kwanza?

Wengi hukimbilia klorini na kuimwaga juu ya uchafu. Hilo ni kosa. Klorini ikikutana na kinyesi na matope huishiwa nguvu kabla ya kuua vijidudu. Uchafu utolewe kwanza, dawa ifuate.

Kwa nini tuogope?

Maji ya choo hubeba vijidudu vya kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo, pamoja na mayai ya minyoo. Waliovuka kutoka Burundi mwaka 2015 hawajasahau Kagunga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Maelfu ya watu walijikuta mahali padogo pasipo na vyoo vya kutosha wala maji safi. Mwezi wa Mei kipindupindu kikazuka, na watu zaidi ya 30 wakafariki.

Fuata hatua hizi

1. Ondoa watoto, wazee na wagonjwa mahali hapo. Mjulishe mhudumu wa afya na kiongozi wa mtaa wako. Usione aibu: choo chako kikifurika, jirani aliye bondeni naye yuko hatarini.

2. Usitumie choo hicho. Usiingie shimoni wala usiwashe moto karibu, kwani hewa ya shimo inaweza kuua na pia kuwaka.

3. Vaa buti za mpira na glovu. Usipokuwa na glovu, funga mikono kwa nailoni isiyotoboka. Mwenye kidonda asiguse kazi hii.

4. Chimba mfereji mdogo kuelekeza maji mbali na nyumba na visima. Zoa uchafu kwa koleo, uufukie shimoni.

5. Sakafu ya saruji isugue kwa maji na sabuni. Sakafu ya udongo haioshwi: kwangua tabaka la juu lililolowa, ulifukie, kisha mwaga chokaa na uache mlango wazi hadi pakauke.

6. Sasa weka klorini. Ukitumia klorini ya maji ya asilimia 3.5, changanya kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Mwagia sakafu ya saruji, ukuta na vyombo vigumu, subiri dakika 10, kisha suuza. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi, maana hutoa hewa ya sumu.

7. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa sabuni, yachemshwe, yaanikwe juani. Godoro la sponji lililolowa halisafishiki, litupwe.

8. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Maji na chakula

Maji ya kunywa yaliyokuwa wazi yamwage, na dumu ulioshe kwa sabuni na klorini kabla ya kuteka mengine. Unga, maharage au mboga vikiguswa na maji ya choo havifai tena, hata vikipikwa. Tunajua mgao ukipotea inauma, lakini usimpe mtoto chakula hicho. Mweleze kiongozi wako mapema. Mkebe uliofungwa na usiotoboka unaweza kuoshwa na kutiwa dawa.

Wenye hoteli na maduka

Funga biashara mpaka hatua zote zimalizike. Hasara ya siku moja ni ndogo. Sambusa zilizopikwa penye maji ya choo zinaweza kuingiza ugonjwa nyumba nyingi kwa asubuhi moja.

Chunguza siku tano

Kipindupindu huweza kuanza baada ya saa chache au hadi siku 5. Akiharisha mtu maji kama ya mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja, usiku au mchana. Njiani mnyweshe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hakuna, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Kabla ya mvua ijayo

Chungulia shimo lako leo. Kinyesi kikibakiza nusu mita kufika juu, yaani kama urefu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, acha kukitumia, ufukie kwa udongo. Choo kipya kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji, kiinuliwe kwa udongo ulioshindiliwa, na mtaro upite upande wa juu wa mlima. Kama huna nguvu za kuchimba, mwambie mhudumu wa afya sasa, kabla mawingu hayajakusanyika.