Burungu: Mwalimu akipewa shule, nani anamfundisha kazi hiyo?

Mwalimu wa darasa la sita anafundisha vizuri, watoto wake wanapita ENAFEP, siku moja anapewa barua: kuanzia leo ni direkta. Hapo anaanza kazi nyingine kabisa. Kujaza ripoti, kufuata liste ya mishahara, kupokea wazazi, kutuliza ugomvi wa walimu. Tena anapaswa kusaidia watu wazima wafundishe vizuri zaidi, na hiyo wengi hawakuisoma popote.

Katika shule zinazosimamiwa na dini, kufuatana na mapatano yaliyoanza mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, dini ndiyo inatoa jina la kiongozi. Programu na inspekta ni vya Serikali. Kwa hiyo direkta iko na wakubwa wawili, na wote wanamwomba makaratasi.

Lakini kazi yake ya maana iko darasani. Anakaa nyuma, anafuata somo, kisha anazungumza na mwalimu wakiwa wawili. Mara mingi ziara hiyo inageuka kutafuta makosa tu: fishi ya matayarisho iko wapi, mbona tarehe haiko ubaoni? Mwalimu anaogopa, na kesho anafundisha vile vile.

Kuna njia nyingine, tena si mpya: ile walimu wanaita selile, kikundi cha walimu wa shule moja. Mmoja anatoa somo mbele ya wenzake, wengine wanaandika walichoona. Kwa mfano kusoma, darasa la pili. Watoto wote wanaimba silabi pamoja, inasikika vizuri. Aliyekaa nyuma ndiye anaona kwamba benchi la mwisho wanafungua midomo tu. Kesho yake mwalimu anasomesha mtoto mmoja mmoja. Hata mtoto anayeongea Kihunde ao Kinyarwanda nyumbani, na ambaye Kiswahili cha shule kingali kigeni kwake, hapo anaonekana.

Kwa Burungu jambo hili lina uzito. Kijiji kiko kwenye barabara ya Sake kuelekea Kitshanga, na vita vya mwaka 2023 vilipita hapo. Barabara ikifungwa, inspekta hafiki, na mafunzo ya Goma yanabaki mbali. Selile haihitaji gari wala hoteli.

Inahitaji muda wa mwalimu, na hapo ndipo shida inapolala. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za Serikali ni ya bure. Watoto wakajaa madarasani, na pesa ya wazazi, iliyokuwa inashikilia walimu ambao hawajamekanizwa, ikakatwa. Direkta akiita selile Jumamosi, siku ambayo mwalimu asiye na mshahara anaenda shambani, atakaa peke yake. Heri nusu saa katikati ya juma, watoto wakiisha kurudi nyumbani, juu ya somo moja tu. Na direkta mwenyewe awe wa kwanza kutoa somo mbele ya walimu wake. Hiyo inapunguza woga kuliko hotuba.

Wazazi wa COPA nao wana lao. Badala ya kuuliza tu habari ya paa na madawati, wanaweza kumuuliza direkta ameingia madarasa mangapi mwezi huu, na nini kimebadilika. Daftari la ziara linapaswa kuwa na jibu.