Mashine tunazo, wa kuzisoma picha wako wapi?

Nikija nyumbani Likoni, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Kupiga picha tu, miaka yote hiyo wasoma nini?" Leo nitalijibu, maana jibu lake lamgusa kila mgonjwa anayetumwa eksirei hapa Pwani.

Kwanza tutenganishe kazi mbili. Anayekusimamisha mbele ya mashine na kukwambia uvute pumzi uizuie ni radiografa. Wengi wao wamesomea KMTC, na ni taaluma kamili. Mimi nasomea kazi ya pili: kuisoma ile picha, kueleza inaonyesha ugonjwa gani, na kumwandikia ripoti daktari aliyekutuma.

Njia yenyewe ni ndefu. Mimi nilisoma shahada ya udaktari miaka 6, kisha nikawa daktari mwanagenzi mwaka mmoja, nikizunguka wadi za upasuaji, watoto, wajawazito na magonjwa ya kawaida. Hatua hii pekee yaweza kukwama. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliochukua siku 56, ulihusu kwa sehemu kubwa wanagenzi na malipo yao. Baada ya hapo unahudumu kama daktari wa kawaida, ndipo uombe nafasi ya shahada ya uzamili ya radiolojia, ambayo ni miaka 4.

Mwanzoni tunasoma fizikia. Eksirei na CT hutumia mionzi, ambayo ikizidi hudhuru. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na MRI hutumia sumaku. Lazima ujue mgonjwa yupi anahitaji ipi. Mama mjamzito, kwa mfano, huanziwa ultrasaundi.

Kisha jicho linafunzwa. Kivuli kwenye pafu chaweza kuwa kifua kikuu, nimonia au saratani, na matibabu yake hayafanani hata kidogo. Huwezi kuutambua ugonjwa kabla hujaona maelfu ya picha za watu wazima wa afya. Kila ripoti ninayoandika hupitiwa na daktari bingwa. Usiku akiletwa kijana aliyeanguka na bodaboda, CT ya kichwa husomwa papo hapo, kwa sababu damu ikivuja kwenye ubongo haingoji asubuhi. Juu ya hayo kuna tasnifu na mitihani.

Sasa tazama hesabu. Kuanzia 2015 serikali kuu ilikodi vifaa vya kisasa, zikiwemo mashine za picha, kwa hospitali 98 nchini. Mashine hufungwa kwa miezi. Msomaji wake huchukua takriban miaka 12. Ndiyo, picha yaweza kutumwa kwa intaneti ikasomwe mbali, na hilo lasaidia. Lakini kumwongoza sindano kwa ultrasaundi ili kuchukua kipande cha uvimbe kwahitaji mtu aliye chumbani.

Kwa hivyo kaunti zetu ziwapeleke madaktari wao kusomea kazi hii, kwa mshahara na kwa mkataba wa kurudi kuhudumu. Anayejilipia karo mwenyewe huku hana mshahara, si ajabu akimaliza akabaki kule kwenye hospitali za kibinafsi.

Nawe ndugu msomaji, ukipigwa picha, uliza ripoti itatoka lini na nani ataiandika. Picha za zamani usizitupe. Kulinganisha ya jana na ya leo mara nyingi ndiko kunakotuonyesha kama uvimbe unakua au umetulia.