Je, Wajua? Pedali Haivuti Waya

Ukikanyaga mafuta kwenye pikapu ya dizeli ya kisasa, huvuti waya wa chuma. Unatuma umeme.

Pedali ina vihisi viwili, na kompyuta ya gari huvilinganisha muda wote. Kwenye Toyota Hilux nyingi, mguu ukiwa juu, kimoja husoma karibu volti 0.8, kingine karibu 1.6. Vikipishana kauli, kompyuta haikiamini hata kimoja. Taa ya injini inawaka, nguvu zinakatwa, gari linapanda mlima likijikokota. Msimbo wa hitilafu: P2138.

Tafadhali usikimbilie pedali mpya! Chomoa soketi kwanza, utazame pini: kutu ya kijani juu ya shaba inatosha kupotosha usomaji. Kisha rudisha soketi, fungua swichi bila kuwasha injini, pima vihisi kwa mita, kanyaga polepole. Volti zipande bila kurukaruka.

Ajabu zaidi ni kipepeo cha hewa, kile kilango kwenye njia ya hewa inayoingia kwenye injini. Kwenye petroli ndicho kinachodhibiti nguvu. Kwenye dizeli, nguvu hutokana na kiasi cha mafuta yanayopulizwa. Kipepeo husaidia moshi wa ekzosi kurudi ndani ya injini, na hujifunga ukizima gari ili injini isitikisike. Moshi huohuo hukipaka masizi mazito kama lami, mpaka kinagoma kugeuka.