Pumzi Ndiyo Inayowazuia Wadudu Kuwa Majitu

Kila inapotoka filamu ya siafu wanaopindua magari, swali lile lile huulizwa: kwa nini hakuna mdudu wa namna hiyo? Jibu la haraka huwa ni gamba. Mdudu hana mifupa, mwili wake hushikiliwa na gamba la nje. Ukimkuza mara 10 kila upande, uzito wake hupanda mara 1,000, ilhali eneo la miguu inayoubeba huongezeka mara 100 tu. Galileo aliieleza hesabu hii mwaka 1638, akizungumzia mifupa ya wanyama.

Hesabu ni sahihi, lakini haimalizi jambo, na ushahidi tunao hapa kwetu. Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, wanaishi kaa wa nazi. Hukaa nchi kavu, wana gamba la nje, hujivua kama wadudu, na bado kaa huyu anaweza kufikia kilo 4. Mbawakawa aina ya goliathi wa misitu ya Kongo na Uganda, ambaye ni miongoni mwa wadudu wazito kabisa duniani, hufikia takriban gramu 100, tena akiwa bado buu. Kwa nini kaa amemzidi kiasi hicho? Kaa ana vyumba vinavyofanya kazi ya mapafu, na damu yake hubeba oksijeni. Mdudu hana mapafu.

Mshike panzi, bila kumbana sana, umtazame ubavuni. Utaona vitundu vidogo vilivyopangwa mstari, jozi 10 kwa jumla. Hapo ndipo anapopumulia. Hewa huingia kwenye mirija inayogawanyika tena na tena, mpaka ifike kwenye seli zenyewe. Ukiokota gamba alilojivua, chungulia ndani: zile nyuzi nyeupe ni utando wa mirija hiyo, maana nao hujivuliwa. Hata viluwiluwi vya mbu hupumua kwa mirija, wengi wao wakichomoza mrija mmoja juu ya maji. Ndiyo sababu mafuta yakitandazwa juu ya dimbwi, viluwiluwi hufa kwa kukosa hewa.

Kwa mwili mdogo, mpango huu ni mzuri ajabu. Mwili ukikua, tabu huanza. Oksijeni inaposambaa yenyewe, umbali ukiongezeka mara 2, muda huongezeka mara 4. Panzi hujisaidia kwa kubana na kuachia tumbo ili kusukuma hewa, lakini mdudu mkubwa zaidi angehitaji pia mirija mingi na mipana. Ataiweka wapi? Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walipiga eksirei mbawakawa wa spishi 4, wakaona kwamba kadiri mbawakawa anavyokuwa mkubwa, ndivyo mirija inavyojaza sehemu kubwa zaidi ya mwili. Pabaya zaidi ni pale mguu unapoungana na kiwiliwili: pembamba mno, na mirija inagombea nafasi na misuli na neva. Wakakadiria kikomo cha sentimita 16 hivi. Titanus giganteus wa Amazon, miongoni mwa mbawakawa warefu kabisa, ana karibu urefu huo huo. Kwangu, huu ndio ushahidi unaoshawishi kuliko wote.

Hewa yenyewe nayo imebadilika. Miaka milioni 300 iliyopita inakadiriwa oksijeni ilifika asilimia 30 au zaidi. Leo ni 21. Enzi hizo aliruka Meganeura, jamaa wa kereng'ende, mwenye mabawa ya takriban sentimita 65 kutoka ncha hadi ncha. Visukuku vyake vilipatikana mwaka 1880 kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Commentry, Ufaransa.

Hata hivyo, oksijeni haikuamua peke yake. Utafiti wa mwaka 2012, uliopima mabawa ya visukuku zaidi ya 10,000, ulionyesha ukubwa wa wadudu ukifuatana na oksijeni hadi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Baada ya hapo oksijeni ilipanda, mabawa yakapungua. Ndiyo enzi ndege walipoanza kuruka, na mdudu mkubwa, asiyeweza kukata kona upesi, akawa rahisi kukamatwa angani.