Unasimama kwa Jina la Nani?

Watu wakitazama fainali ya mdahalo wa dunia huwatazama wasemaji. Ukitaka kuyajua mashindano yenyewe, tazama fomu ya usajili. Humo ndimo inamoamuliwa nani atasema na nani atabaki kwao.

Tuseme kuna kijana Mkongomani aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Nyumbani anasema Kiswahili, sokoni Chichewa, darasani Kiingereza. Mwenzake Mmalawi anaishi Chinsapo, mtaa wa Lilongwe uliojengeka bila kungoja ramani ya mipango miji. Wote wawili wanataka kubishana na wenzao wa Nairobi na Manila. Waingilie wapi?

Mashindano ya dunia ya shule za sekondari, yaliyoanza Australia mwaka 1988, huhesabu nchi: kila nchi timu moja, watatu wakisema na wengine wakikaa akiba. Kijana wa Chinsapo ana bendera ya kusimama chini yake, hata kama nafasi ni chache. Wa Dzaleka hana jibu rahisi. Kongo haimjui, na Malawi imempa hifadhi, haikumpa uraia.

Vyuo vikuu vina utaratibu mwingine. Mashindano yao ya dunia yalianzia Glasgow mwaka 1981 na yamekwisha kufika Stellenbosch, Gaborone na Cape Town. Hapa kinachoandikwa ni jina la chuo, na pasipoti ya mwanafunzi si hoja. Chumbani huingia timu nne za watu wawili wawili, mbili za serikali na mbili za upinzani. Mada hutolewa dakika 15 kabla, na upande hupangiwa, huchagui, hivyo mtu aliyekimbia vita anaweza kujikuta akitetea jeshi kuingilia kati nchi jirani. Kila msemaji ana dakika saba. Ya kwanza ikishapita na kabla ya ya mwisho, wapinzani huweza kusimama kumpa taarifa, kama tunavyowasikia wabunge wa Dodoma. Tofauti ni kwamba hapa hakuna spika wa kuombwa, msemaji mwenyewe ndiye anayepokea au kukataa.

Timu ya kwanza hupata pointi tatu, ya mwisho sifuri. Zinachezwa duru tisa kabla ya mchujo, na wenye pointi sawa hukutanishwa, kwa hiyo kadiri unavyoshinda ndivyo unavyopewa wagumu zaidi. Hesabu hii siku hizi hufanywa na programu kama Tabbycat, ambayo klabu yoyote inaweza kuitumia. Juu ya yote kuna baraza la wajumbe wa nchi, linalopokea maombi ya vyuo vinavyotaka uenyeji na kupiga kura. Mzigo wa maandalizi humwangukia mwenyeji wa mwaka huo. Jopo la waamuzi wakuu ndilo linalotunga mada na kuzificha hadi dakika ya kutangazwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo lenye nguvu kubwa kuliko baraza, kwani anayetunga swali amekwisha kuchora uwanja.

Sasa rudi Dzaleka. Tangu 2010 Wajesuiti wameleta masomo ya chuo kwa njia ya mtandao kambini, yakiwemo ya stashahada iliyotolewa na Regis University ya Denver. Mwanafunzi wa namna hiyo angesimama kwa jina la nani, kambi au Denver? Na akishapata jina, atasafirije? Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti juu ya uhuru wa kutembea. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waishio mijini warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwakamata Lilongwe. Kambi iliyokusudiwa watu kama 10,000 ilikwisha kupita 50,000. Kwa kijana wa huko, kwenda Chinsapo kwenye mazoezi ya jioni ni safari ya kuombea kibali.

Ndiyo maana nayapa uzito mashindano ya dunia yaliyofanyika mtandaoni wakati wa korona. Yaliondoa viza, yakaacha bando. Njia ya pili ni kuwaleta wageni kambini: Tamasha la Tumaini, lililoanza Dzaleka mwaka 2014, limekuwa likiwaleta watu wa Lilongwe kuja kusikiliza muziki, na mashindano madogo ya midahalo hayahitaji hata jukwaa, ni madarasa na saa tu.

Kinachokosekana zaidi ni waamuzi. Chuo kinachopeleka timu zaidi ya moja kwa kawaida hutakiwa kupeleka na mwamuzi wake, na gharama hiyo huweza kukikwamisha. Lakini mashindano mengi hupokea pia waamuzi huru, wanaoomba wenyewe na kupewa mtihani wa kuangalia mdahalo uliorekodiwa na kueleza nani ameshinda na kwa nini. Fomu yao haidai utumwe na chuo wala nchi. Kijana wa Dzaleka anaweza kuijaza leo, na akifaulu, timu zitakazokuja na bendera zitasubiri uamuzi wake.