Pedali ya Breki Inapodunda: Chanzo Kitafutwe Kabla ya Kununua Vipuri

Wamiliki wengi wa daladala, teksi na magari binafsi huwaeleza mafundi kwamba breki "zinapiga mguu". Gari husimama, lakini kila dereva anapokanyaga, pedali husukuma mguu juu na chini kwa mapigo yanayofuata mzunguko wa gurudumu. Mara nyingi pedi hubadilishwa, fedha hutumika, na baada ya siku chache mapigo hurejea, kwa kuwa pedi hazikuwa chanzo.

Diski ya breki inapaswa kuwa na unene ulio sawa katika mzunguko wake wote. Sehemu iliyo nene zaidi inapopita katikati ya pedi, huzisukuma nyuma, na mafuta ya breki huufikisha msukumo huo kwenye mguu wa dereva. Tofauti ya milimita 0.02 hadi 0.03, isiyoonekana kwa macho, inaweza kutosha. Kwa magari yenye breki za dramu, mapigo hutokea dramu inapopoteza uduara wake.

Kasoro hiyo husababishwa na mambo kadhaa: nati za gurudumu kukazwa bila uwiano, kutu iliyobaki kati ya diski na kitovu cha gurudumu, beringi iliyolegea, au gari kuegeshwa muda mrefu wakati wa masika. Joto nalo huchangia. Dereva anayeshuka mlima mrefu kwa kutegemea breki pekee, kisha akasimama huku amekanyaga pedali kwa nguvu, huacha alama za pedi kwenye diski. Kumwagia maji baridi diski yenye moto pia huweza kuiharibu.

Dereva anaweza kuanza uchunguzi mwenyewe. Usukani ukitikisika wakati wa kufunga breki, kasoro huelekea kuwa magurudumu ya mbele. Kiti kikitikisika, huelekea kuwa ya nyuma. Kwa magari ambayo breki ya mkono hufunga magurudumu ya nyuma, jaribio jingine hufanyika kwenye uwanja mtupu na tambarare, gari likiwa katika mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa. Breki ya mkono huvutwa taratibu, kitufe chake kikiwa kimebonyezwa. Gari likidunda, magurudumu ya nyuma yachunguzwe kwanza.

Gari lenye mfumo wa ABS hutoa mapigo ya haraka dereva anapofunga breki kwa ghafla au kwenye utelezi. Hiyo ni kazi ya kawaida ya mfumo huo. Mapigo hayo yakitokea kwenye barabara kavu, breki zikikanyagwa taratibu, vihisi vya magurudumu vikaguliwe.

Gereji, mwenye gari anayo haki ya kuomba vipimo kabla ya kukubali gharama. Fundi apime unene wa diski katika sehemu kadhaa za mzunguko wake, na apime pia kama diski inayumba inapozunguka. Diski iliyofikia unene wa chini, ambao mara nyingi huandikwa kwenye diski yenyewe, haipaswi kuchongwa. Hubadilishwa, na ya upande wa pili pia. Kabla ya kuifunga, kutu kwenye kitovu isuguliwe, na nati zikazwe kwa kupishana kwa nguvu iliyopendekezwa na mtengenezaji.

Pedali inayodunda huongeza umbali wa kusimama na huzidi kuharibika kadiri inavyopuuzwa. Hata hivyo, pedali inayozama hadi chini, inayolegea kama sponji, au gari linalovuta upande mmoja ni hatari kubwa zaidi. Gari la namna hiyo lisipakie abiria wala kuendelea na safari. Liegeshwe mahali salama na fundi aitwe.